Kabla ya Osaka, Buyenzi

Mwaka jana darasani tulipewa kazi ya insha: "Siku moja ya matembezi katika mji mkubwa wa ugenini." Mimi niliandika kuhusu Osaka. Sijawahi kufika Japani, wala ndege sijawahi kupanda. Lakini nilikuwa na simu, nilikuwa na intaneti ya saa mbili, na nilikuwa na kamusi. Nilieleza jinsi nilivyoamka alfajiri nikapanda treni, nikaizunguka ngome ambayo Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga mwaka 1583, nikala mchana takoyaki, yale madonge madogo ya unga yenye kipande cha pweza ndani, kisha jioni nikasimama darajani Dotonbori kutazama taa za matangazo zikicheza juu ya maji. Nilipata 16 kati ya 20. Pembeni mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Maelezo hai."

Naanza na insha hiyo kwa sababu nakusudia kuishambulia, na ni haki mtu aanze na ya kwake kabla hajagusa za wenzake. Ilikuwa insha ya uongo. Sisemi uongo kwa maana ya kubuni, maana kubuni ni kazi halali ya mwandishi. Nasema uongo kwa sababu ilionyesha macho yangu yanaona sana, ilhali mimi mwenyewe, mkazi wa Nyakabiga tangu kuzaliwa, sikuwa nimewahi kutembea kwa makusudi katika mtaa ulio umbali wa robo saa kwa miguu kutoka nyumbani kwetu. Mtaa huo ni Buyenzi. Nao ndio mtaa ambao lugha ninayoisomea huzungumzwa kuanzia asubuhi hadi usiku.

Hoja yangu basi ni hii, na naiweka mapema ili msomaji asiitafute. Sisi wanafunzi wa Kiswahili wa Bujumbura tumefundishwa kutalii kwa macho ya watu wengine. Tunajua orodha ya vivutio vya mji wetu kama wageni wanavyoijua, na orodha hiyo imewaruka Waswahili. Tukikubali kuwaruka nasi, tutakuwa tunasomea lugha ya watu tusiotaka kuwaona. Hilo si jambo dogo la matembezi ya Jumapili. Ni aibu ya kitaaluma, na ina madhara.

Nieleze nilivyozinduka. Miezi michache baada ya insha ile alikuja mgeni, mwanafunzi wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, ameingia kwa basi kutoka Kigoma kumtembelea shangazi yake aliyeolewa huku. Shangazi ni jirani yetu. Akaniita: "Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa Kiswahili? Mtembeze dada yako auone mji." Nilifurahi. Usiku ule nilipanga ratiba kama nilivyopanga ile ya Osaka.

Siku ya kwanza tulikodi teksi, wenzangu wawili wakachangia, na msomaji anayejua shida ya mafuta ya gari katika mji huu ataelewa kwamba mchango huo ulikuwa pesa ya kula ya wiki nzima. Tulianza kusini, barabara ya kandokando ya ziwa, hadi Mugere, kwenye jiwe la Livingstone na Stanley. Ni jiwe kubwa lililochongwa majina ya mabwana hao wawili na tarehe ya 25 Novemba 1871. Nilimweleza mgeni yote niliyoyajua: kwamba walikutana kwanza Ujiji, kwamba baadaye walipanda mtumbwi kuja kaskazini kuchunguza kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, wakakuta unaingia. Akasikiliza, akapiga picha. Halafu akauliza: "Na waliopiga makasia kutoka Ujiji hadi huku, majina yao yako upande gani wa jiwe?" Nikacheka, nikidhani anatania. Alizunguka jiwe lote.

Tukarudi mjini, tukapanda Vugizo kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Kutoka pale unauona mji wote umelala chini yako, na ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo. Nikataja tarehe: chama chake cha Uprona kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64, na tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akauawa kwa risasi. Tukashuka hadi Musée Vivant, tukawatazama mamba na nyoka. Jioni tukaenda ufukweni, tukanywa soda ya bei ya mara mbili, tukalitazama jua likizama nyuma ya milima ya Uvira. Kila tulipofika tulipokelewa kwa Kifaransa, na mimi nilijibu kwa Kifaransa, kisha nikamtafsiria mgeni kwa Kiswahili kana kwamba Kiswahili ni lugha aliyoibeba yeye kwenye begi.

Pale ufukweni ndipo aliponiuliza swali lililoniondolea usingizi. "Kaka, Kiswahili unakisomea chuoni. Sasa hapa mjini kinazungumzwa wapi?"

"Sehemu nyingi," nikasema. "Lakini hasa Buyenzi."

"Ni mbali?"

"Hapana. Kutoka nyumbani ni kwa miguu tu. Unapita Bwiza, umefika."

"Mbona hatukwenda?"

Nikajibu, na ninaandika jibu langu hapa kama lilivyotoka ili lisomwe na kila mtu: "Kule hakuna cha kuona."

Hakubishana nami. Alikunywa soda yake. Baada ya muda akasema kwamba hata kwao Dar es Salaam watu wakitaka kudharau mtaa huuita "uswahilini". Mimi nikamweleza kwamba huku kwetu, katika Kirundi, mtu akiambiwa ni "umuswahili" mara nyingi anayesema hazungumzii lugha wala dini. Anamaanisha mjanja, mtu wa maneno mengi, asiyeaminika. Nilipomaliza kueleza hayo, mimi mwanafunzi wa Kiswahili, tulikaa kimya wote wawili.

Siku ya pili hatukukodi teksi. Tulitoka Nyakabiga saa mbili asubuhi kwa miguu. Tulipita Bwiza, mtaa ambao wakati wa Wabelgiji uliitwa "Belge" na wazee wengine bado wanauita hivyo. Tukaingia Buyenzi, tukifuata zile barabara zilizonyooka, zenye namba badala ya majina. Sitaki kuupamba mtaa ule. Vumbi lipo, mitaro imejaa taka, na kelele za nyundo zinaanza mapema. Magari yasiyo na milango yamepangwa kando ya njia yakisubiri viungo vya magari mengine. Lakini katika saa nne tulizokaa pale niliona na kusikia mambo ambayo miaka yangu ya masomo haikuwa imenipa, na nitataja matatu tu.

La kwanza ni lugha yenyewe. Tulisimama kwenye gereji moja ya barabarani. Mgeni alimwamkia mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi: "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akatabasamu, akamuuliza kama ametokea upande wa Kigoma. Wakaanza mazungumzo. Kijana wa gereji akawa anatafuta kitu, akasema anahitaji "piyesi" ya gari lile na "pine" mbili. Mgeni akauliza ni vitu gani. Akaelezwa. "Aa, kumbe ni spea na matairi!" Wakacheka, kila mmoja akijaribu neno la mwenzake. Mbele yangu Kifaransa na Kiingereza vilikuwa vimekutana ndani ya Kiswahili, vyote viwili vimeshavaa irabu za mwisho kama inavyopasa, na watu wawili waliokuwa hawajuani wakaelewana bila mkutano wa wataalamu wa istilahi. Sisi darasani tulikuwa na muhula mzima wa ukopaji wa maneno. Mifano yote ilitoka kitabuni.

Na mimi? Kijana yule aliponigeukia alinisemesha Kirundi, na kidogo Kifaransa. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba mimi ninasomea Kiswahili. Akanitazama, akauliza nimetoka wapi. "Nyakabiga," nikasema. "Nyakabiga hii?" akauliza, akionyesha kwa kidole juu ya mapaa ya Bwiza. Sikuwa na la kuongeza.

La pili ni historia. Mzee wa benchi alitusimulia kwamba babu yake alikuja kutoka Manyema, na mke wa babu huyo alikuwa mtu wa Ujiji. Hilo ni simulizi la ukoo mmoja, lakini ndani yake mna simulizi la mji mzima. Kabla ya mji huu kuitwa Bujumbura uliitwa Usumbura, na Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi hapa miaka ya mwisho ya karne ya 19, walikuja na askari, wapagazi, wakalimani na wachuuzi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 waliwakuta watu hao. Wakawapangia mahali pao, wakapaita kwa Kifaransa "kijiji cha Waswahili". Ndiyo Buyenzi. Kwa hiyo hawa si wageni waliokuja mjini mji ukiwa tayari. Wao walikuwa miongoni mwa wakazi wa kwanza wa mji wenyewe. Anayemwambia mtu wa Buyenzi "rudi kwenu" anapaswa kwanza aonyeshe mji huu ulikuwa wapi kabla ya hao.

Hapo nikakumbuka Vugizo. Jana yake nilikuwa nimesimama juu ya kaburi la Rwagasore nikitaja namba za viti vya bunge. Sikusema kwamba miongoni mwa watu wa mwanzo waliosimama naye ni Waswahili wa mtaa huu, wachuuzi na wafanyabiashara wadogo aliowahamasisha kupitia vyama vya ushirika mwaka 1957, kabla chama chake hakijawa na nguvu vijijini. Sikusema kwa sababu sikuona uhusiano. Kutoka juu ya Vugizo, mapaa ya Buyenzi yanaonekana. Nilikuwa nimeyaonyesha kwa mkono na kusema, "Kule ni mitaa ya kawaida."

La tatu alilisema bibi mmoja aliyetuuzia maandazi. Mgeni alipomwambia kwamba tunatafuta habari za zamani za mtaa, bibi alicheka akasema, "Andikeni basi habari za kodi ya mama zetu." Akatueleza kwamba mama yake, mjane, alitozwa kodi na serikali ya Wabelgiji kwa sababu tu alikuwa mwanamke anayeishi mjini bila mume, na kwamba wanawake wa Buyenzi walikataa. Nilidhani ni masimulizi ya bibi. Niliporudi kwenye vitabu nikakuta ni kweli. Wabelgiji walitoza kodi wanawake waishio peke yao mijini, wajane na walioachwa wakiwekwa kapu moja na malaya, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi waliasi. Aliyeyaandika hayo kwa kirefu ni mwanahistoria Mmarekani, Nancy Rose Hunt, katika makala aliyochapisha kwa Kiingereza mwaka 1991.

Hebu tulitazame jambo hilo vizuri. Wanawake waliosema Kiswahili walisimama dhidi ya dola ya kikoloni, katika mtaa wa jirani, kwa ajili ya heshima ya jina lao. Mtu ametoka Marekani akaja kulitafuta jambo hilo. Mimi nimekulia Nyakabiga, nimesoma fasihi simulizi, nimesoma ushairi, nimesoma mambo ya mwanamke katika riwaya, na habari hiyo nimeipata kwa kununua maandazi, tena kwa sababu mgeni kutoka Dar es Salaam alinilazimisha kutembea. Waliosema penye miti hapana wajenzi walituona.

Najua majibu yatakayotolewa. Nimeyasikia nilipolisema jambo hili mbele ya wenzangu, nami nayajibu moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza: Buyenzi ni gereji na wezi, si mahali pa kumpeleka mgeni. Kuhusu wizi, ninaishi Nyakabiga na nimeibiwa simu Nyakabiga. Hakuna aliyependekeza Nyakabiga ifutwe kwenye ramani. Kuhusu gereji, nauliza tangu lini kazi ya mikono ikawa si kitu cha kuonwa? Sifa iliyoenea ya mtaa ule ni kwamba gari lililokataliwa na mafundi wengine hupelekwa Buyenzi. Tungesoma habari za mtaa wa namna hiyo katika mji wa Japani, tungeandika kwa heshima "mafundi wenye ustadi wa kurithi". Kwetu tunaandika "kelele".

Jibu la pili ni la wasomi, na ndilo linaloniudhi zaidi: Kiswahili cha Buyenzi si sanifu, kitamharibia mwanafunzi lugha. Nakubali kwamba si sanifu. Nami naandika insha hii kwa Kiswahili sanifu, wala sina ugomvi nacho. Lakini Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya lahaja ya mtaani, Kiunguja, lugha ya watu waliokuwa wakiuza, wakinunua, wakitukanana na kuoana. Daktari hakatai kumgusa mgonjwa kwa sababu mwili wa mgonjwa haufanani na picha ya kitabuni. Mwanafunzi wa lugha anayeogopa wasemaji wa lugha hana tofauti na daktari huyo. Isitoshe, kuna jambo tunalijua sote na hatulisemi. Wengi wetu tunaijua sarufi ya ngeli zote lakini hatuwezi kujadiliana bei sokoni Ruvumera kwa dakika tano. Aliyeharibikiwa lugha hapo ni nani?

Jibu la tatu linatolewa kwa upole: urithi wa Burundi ni ngoma, ni ng'ombe, ni milima, Uswahili ni wa pwani. Ngoma naziheshimu, na nilifurahi kama Mrundi mwingine yeyote UNESCO ilipoziingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014. Lakini nani alisema kwamba nchi ina urithi mmoja? Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya kwenda kutembea katika vichochoro vya Waswahili huko. Sisemi Buyenzi ina milango ya kuchongwa kama ya Zanzibar. Haina. Nasema kwamba njia ya misafara iliyoanzia pwani haikuishia Ujiji. Ilivuka, ikafika huku, ikaacha watu, na watu hao wameishi hapa zaidi ya miaka mia moja. Wakati wa vita vyetu, watu wazima wa mtaa wangu husimulia, walikuwapo Waswahili wa Buyenzi waliowafungulia milango majirani wa kila kabila. Sitaki kutia chumvi. Machi 1995 damu ilimwagika Bwiza na Buyenzi pia, na wengi walikimbia. Lakini milango ile iliyofunguliwa nayo ni urithi. Mimi ningependa mgeni wangu aijue kabla hajalijua jiwe ambalo Wazungu wawili walipiga kambi kando yake.

Sasa nirudi Osaka, maana nimeishambulia insha yangu lakini mji wenyewe nauheshimu, na kuna mambo mawili niliyoyajifunza juu yake baadaye ambayo hayakuwamo katika zile alama 16.

Jambo la kwanza ni ngome. Mnara ule nilioueleza kana kwamba Hideyoshi aliondoka jana ni wa zege. Mnara mkuu uliungua kwa radi mwaka 1665, na huu wa leo ulijengwa mwaka 1931, kwa michango ya wakazi wa mji. Ndani yake mna lifti. Maana yake ni kwamba watu wa Osaka hawakukuta kivutio. Waliamua kwamba mahali fulani ni pao, wakatoa pesa mfukoni, wakapafanya paonekane. Kivutio ni uamuzi wa wenyeji. Sisi tunasubiri nani atuamulie?

Jambo la pili ni kata ya Ikuno, huko huko Osaka. Wanaishi humo watu wengi wa asili ya Korea, na wengi wa wazazi wao walivuka bahari kutoka kisiwa cha Jeju miaka ya ukoloni wa Kijapani, kuanzia miaka ya 1920, kuja kufanya kazi viwandani. Walidharauliwa. Mtaa wao ulikuwa wa kupita haraka. Leo barabara ya maduka ya Wakorea katika Ikuno imejaa wageni na vijana wa Kijapani wenyewe, wanaokuja kula, kununua na kutembea. Sidai kwamba dharau imekwisha huko. Nadai kwamba mtu anayetembea Osaka siku moja anaweza kuupata mtaa wa watu waliokuja kwa meli, ukiwa kwenye ramani, bila kuambiwa "kule hakuna cha kuona". Nilikuwa na saa mbili za intaneti na sikuuona, kwa sababu hata katika mji wa kufikirika nilikwenda kwenye orodha tu.

Kwa hiyo ninapendekeza nini? Polemiki isiyo na pendekezo ni malalamiko, na malalamiko tunayo ya kutosha.

Kwanza, kwa walimu wetu, kwa heshima zote. Mada ya "mji mkubwa wa ugenini" isifutwe, ila iwekewe sharti: mwanafunzi ataandika juu ya mji wa mbali baada ya kuandika juu ya mtaa mmoja wa mji wake aliouzunguka kwa miguu, na insha ya pili isisahihishwe bila ya kwanza. Tena somo la isimujamii liwe na siku moja ya kutembea Buyenzi, na nyingine Bwiza, kila mwanafunzi akiwa na daftari. Haitahitaji basi la chuo wala mafuta. Tutakwenda kwa miguu, kama tunavyokwenda kila mahali siku hizi.

Pili, kwa wanafunzi wenzangu. Tuandike kitabu kidogo cha matembezi ya Bujumbura kwa Kiswahili. Jiwe la Mugere liwemo, pamoja na swali la wapiga makasia. Vugizo iwemo, pamoja na wachuuzi wa 1957. Soko kuu lililoteketea tarehe 27 Januari 2013 liwemo pia, na tuwaulize waliopoteza vibanda pale siku ile wameendaje tangu hapo. Kodi ya wajane iwe na ukurasa wake. Bibi zetu wanaozikumbuka habari hizo wanazeeka, na wala hawatungojei tumalize shahada.

Tatu, na hili ni onyo kwetu sote. Tusiende Buyenzi kama tulivyokwenda Musée Vivant. Mamba hamjali anayemtazama, lakini mzee wa benchi anajali. Uamkie. Ununue andazi. Useme wewe ni nani na unataka nini. Usipige picha ya mtu kabla hujaomba. Ukiulizwa unatoka wapi, jibu, na uwe tayari kuulizwa mbona hukuja siku zote.

Najua kuna atakayesema kwamba nimefanya mlima kutokana na kichuguu: dada mmoja kauliza swali, mimi nimeandika kurasa kadhaa. Labda. Lakini fikiria kwamba katika nchi yetu Kiswahili kinafundishwa shule za msingi, kwamba tangu 2007 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwamba sisi ndio tutakaotumwa madarasani kuwafundisha watoto. Mtoto wa Rutana au Kayanza atauliza, "Mwalimu, Waswahili ni akina nani?" Tutamjibu nini? Tukimwambia ni watu wa mbali, wa pwani, tutakuwa tumedanganya. Tukinyamaza, atabaki na maana ile ya Kirundi, ya mjanja asiyeaminika, na atajifunza lugha huku akiwacheka wenyewe.

Mgeni wetu alirudi kwao kwa basi lilelile la Kigoma. Kabla ya kupanda aliniambia kwamba atawaeleza wenzake alivyofika Bujumbura akakuta Waswahili. Alilisema kwa furaha, bila kunikejeli. Mimi nililisikia kama kejeli, na nilistahili.

Insha ya Osaka bado ninayo. Nimeandika chini ya maneno mekundu ya mwalimu, kwa kalamu ya risasi, kwamba maelezo yalikuwa hai lakini mwandishi hakuwapo. Kama kuna mwenzangu anayetaka kuanza kazi ya kile kitabu kidogo, Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi nitatoka nyumbani Nyakabiga kwenda kumsikiliza tena bibi wa maandazi. Aje na daftari, na pesa kidogo ya kununua chai.